Wote tunataka polisi wabadilike, mradi OCS awe mtu wetu

Nilikuwa katibu wa kamati ya amani karibu miaka sita, kuanzia 2009, kule kwetu Bonde la Ufa upande wa Nakuru. Mji sitautaja, ni mdogo, nikiutaja tu mtajua ni stesheni gani na OCS yupi, yaani mkuu wa stesheni, na mimi bado nafungua duka pale kila asubuhi. Ukatibu wenyewe sikuutafuta. Nilikuwa na duka la kuchapa na fotokopi, kompyuta ya pekee hapo stejini, alafu mimi ni Mkisii. Wakikuyu walisema katibu akiwa Mkalenjin ataandika vile anataka, Wakalenjin wakasema hivyo hivyo kuhusu Mkikuyu, wakavutana karibu saa nzima mpaka DO, afisa wa serikali wa tarafa, akachoka, akaangalia nyuma ya ukumbi akaniona nimeshika faili, akauliza wewe ni wa wapi, nikasema Nyamira, watu wakapiga makofi. Ndio siku pekee maishani nimewahi kupigiwa makofi kwa kuwa Mkisii.

Mkutano wa kwanza wa maana ulikuwa na ajenda moja tu, polisi. DO alikuwa na wazo lake, na sai nikilifikiria naona halikuwa baya: kila upande uandike majina matatu ya askari inaowaamini, wawe wa stesheni au wa AP, yaani Polisi wa Utawala, alafu tuone kama kuna jina limetokea kwa karatasi zote mbili, huyo ndiye awe wa kupigiwa simu usiku mambo yakiharibika. Karatasi zikarudi kwangu nikazisoma kwa sauti. Wakikuyu walikuwa wameandika Wakikuyu wawili na Mmeru. Wakalenjin wameandika Wakalenjin watatu, na mmoja wa hao watatu alikuwa ameshapewa transfa miezi mitatu nyuma, yaani waliona heri askari ambaye hayuko kuliko askari ambaye si wao. Ukumbi ukanyamaza kabisa. Mzee mmoja wa upande ule, mkulima wa viazi, mpole sana, akasema "ni vile tu imeangukia." Mama mmoja muuza nguo akaanza kucheka, mzee naye akashindwa kujizuia, na hicho kicheko ndicho kilituwezesha kumaliza siku bila matusi. Lakini jina la kupigia simu hatukupata. Kwa kitabu nikaandika ajenda imeahirishwa, na nawaambia ukweli, hiyo ajenda iliahirishwa mpaka kamati ikafa.

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio mtu aelewe kwa nini simu ilikuwa jambo kubwa hivyo.

Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, tulikuwa na polisi wa aina mbili na hawakuwa mbali, kama mita mia nne hivi. Stesheni ya Polisi wa Kenya iko chini karibu na barabara, kambi ya AP iko juu kwa chifu. Wa chini bosi wao alikuwa Kamishna wa Polisi huko Nairobi, wa juu walikuwa wanasikiza DO na DC, yaani utawala wa mikoa, yaani ofisi ya rais, na walikuwa na kamanda wao. Hawa wamefunzwa Kiganjo, wale wamefunzwa Embakasi. Hao AP wana historia ndefu, walianza kama askari wa kabila wakati wa mkoloni, wa kutumwa na chifu, jina likabadilishwa 1958, lakini mzee yeyote wa kwetu bado atakwambia "askari wa chifu."

Basi usiku mmoja nyumba zinachomwa ng'ambo ya mto, moto tunauona kwa macho. Nikapiga simu stesheni, nikaambiwa upande ule ni wa AP. Nikapiga kwa AP, nikaambiwa hatuna gari, gari iko stesheni. Nikarudi stesheni, gari iko lakini mafuta hakuna, na isitoshe amri haijatoka. Amri ya nani? Simu ikakatwa. Mpaka leo sijui kama mafuta kweli hayakuwa ama ni kwa sababu walijua ng'ambo ya mto wanakaa kina nani. Na hilo swali halikuwa langu peke yangu, kila mtu alikuwa nalo, kila jamii na mto wake.

Ripoti ya Jaji Waki ya kuchunguza vurugu hizo ikatoka Oktoba 2008. Watu 1,133 walikufa, na 405 kati yao kwa risasi. Sasa huku kwetu wananchi walikuwa na mishale na mapanga, wenye bunduki unawajua. Ripoti ikasema pia kitu ambacho watu walikuwa wanakinong'ona tangu uchaguzi, kwamba maafisa wa AP walivalishwa nguo za raia wakapelekwa Nyanza na Magharibi kufanya kazi ya siasa upande wa serikali. Waki akapendekeza AP waingizwe ndani ya Polisi wa Kenya, jeshi liwe moja. 2009 ikaja kamati ya Jaji Ransley ya mageuzi ya polisi na mapendekezo zaidi ya 200, wao wakaona heri wabaki wawili lakini chini ya bosi mmoja, Inspekta Jenerali. Mwaka huo huo mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alikuwa amekuja akasema waziwazi polisi wanaua watu na Kamishna Hussein Ali anafaa kutoka, na kabla ya mwaka kuisha Ali akahamishiwa Posta. Posta! Watu dukani walicheka wiki nzima.

Unaweza kudhani hii ya kuunganisha ama kutounganisha ni hoja ya wataalamu. Kwa kamati yetu ilikuwa hoja ya nani alilala wapi 2008. Wakikuyu wengi walikuwa wamelala kwa kambi ya AP, kwa matope, na watoto, na AP hao hao ndio walikesha wakiwalinda. Ukimwambia yule mama muuza nguo AP wavunjwe ni kama unamwambia ule ukuta aliouegemea ubomolewe. Wakalenjin, wakati huo wote ODM, chama cha Raila, waliwaona AP kama mkono wa Kibaki, watu waliotumwa kuiba kura, na ng'ambo ya mto walikuwa na makaburi mawili ya vijana waliopigwa risasi mgongoni. Nilikuwa naandika hizo hotuba zote kwa kitabu na tatizo langu lilikuwa moja, hakuna mtu alikuwa anadanganya. Ningependa kuwaambia mmoja wao alikuwa mjinga ama mwenye chuki, ingekuwa rahisi, lakini nilifuata mpaka nyumbani kwao nikaona walichoona.

Huko juu nako ilikuwa ni hayo hayo kwa suti. Serikali ya nusu mkate, Kibaki na Raila, kila kiti kinakatwa katikati, wizara yako wizara yangu, balozi wako balozi wangu. Sasa Inspekta Jenerali utamkataje nusu? Huyo ni mmoja, na katiba mpya ya 27 Agosti 2010 ilimpa meno kweli, inasema waziri hawezi kumwagiza achunguze nani ama amkamate nani. Yaani mtu mwenye bunduki zote za nchi alafu huwezi kumpigia simu, mwanasiasa gani atalala usingizi? Sheria zikapitishwa 2011, tume ya kuajiri polisi ikaandikwa, IPOA ya kuwachunguza ikaandikwa, alafu majina yakaanza kukwama, mara kwa wakubwa wawili, mara mahakamani. Inspekta Jenerali wa kwanza, David Kimaiyo, aliapishwa Desemba 2012, zaidi ya miaka miwili baada ya katiba, na kura ilikuwa Machi. Wakati wote huo DO alikuwa anatuambia kwa mikutano "mageuzi yako njiani." Mzee wa viazi siku moja akauliza yanakuja na ng'ombe ama na mguu.

Sasa hapa ndipo nataka kukaa kidogo, juu mpaka hapa nimejisimulia kama shahidi, na sikuwa shahidi.

2011 tulipewa OCS mpya. Asubuhi ya siku yake ya pili aliingia dukani kwangu, anataka kufotokopi barua ya transfa, akaniangalia, akaangalia kalenda ukutani ya kanisa letu la nyumbani, akasema "Bwakire." Bwana, sijui niwaelezee aje. Miaka kumi na mbili katika huo mji, nasalimiwa kwa lugha za watu, nachekwa vile natamka Kikuyu, alafu bosi wa stesheni anaingia anasalimia na lugha ya mama yangu. Nilikataa pesa ya fotokopi. Nikaandika namba yake kwa simu, nikai-save "OCS Wetu."

Na aliniwekea heshima. Mtoto wa jirani alishikwa na pikipiki bila leseni, nikapiga simu moja, pikipiki ikatoka bila hata mia. Mkutano wa kamati ukifanywa alikuwa anakaa karibu na mimi. Watu wakaanza kunipitia, katibu tusaidie, katibu ongea na mtu wako, na mimi nikaanza kutembea tofauti, mke wangu aliniambia hivyo, ati umeanza kutembea kama umemeza rungu. Nilikuwa naamini kabisa huyu ni polisi mzuri. Alikuwa mzuri kwangu.

Yule mama muuza nguo alikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa. Akashikwa Jumamosi jioni kwa msako wa pombe, akatolewa Jumatatu, sikio moja halisikii na vidole viwili vimevimba kama ndizi. Mama akaenda kuandikisha kwa OB, kitabu cha matukio cha stesheni, akaambiwa kitabu kimejaa. Akarudi kesho yake, akaambiwa mwenye kitabu ametoka. Kwa daktari alipata P3, ile fomu ya majeraha, kwa shida, akaja kwangu kuifotokopi nakala tatu, na bado nakumbuka vile alinyoosha hiyo karatasi juu ya kioo cha mashine kwa kiganja, polepole, mara mbili, kama mtu anapiga pasi. Akasema, "Katibu, wiki ijayo kwa kamati utaiweka kwa ajenda?" Nikasema nitaiweka.

Niliiweka. Ilikuwa ajenda ya saba, baada ya taa za barabarani. OCS alikuwa ameketi kulia kwangu. Mama akaongea kama dakika tano, OCS akajibu kijana alianguka akikimbia, nikaandika. Nilichoandika ni sentensi moja: "Malalamishi ya mama kuhusu kijana wake yalijadiliwa na afande akatoa maelezo." Basi. Siku ile majina matatu ya DO yaliposomwa niliwacheka wote, kumbe mimi sikuwa nimepewa karatasi tu.

Baada ya wiki mbili akaja dukani akaomba nimsomee kile kitabu, juu alikuwa amesikia kuna IPOA inakuja na mtu amemwambia anahitaji ushahidi kwamba alilalamika mapema. Nikamsomea ile sentensi. Akauliza, "Ni hiyo tu?" Nikasema ni muhtasari, mama. Akakunja lesso yake akatoka. Mpaka leo ananisalimia, hajawahi kunikosea heshima, na hajawahi tena kuleta karatasi kwangu, anapanda matatu mpaka Njoro kufotokopi ukurasa mmoja.

OCS alihamishwa mwishoni mwa 2012. Akaja Mkamba, nikaanza tena kuona makosa ya stesheni. Ni ajabu vile macho hurudi haraka.

Uchaguzi wa Machi 2013 ukabadilisha hata mpangilio wa viti vya ukumbi wetu. Uhuru na Ruto waliungana, kwa hivyo Wakikuyu na Wakalenjin wa kamati, waliokuwa hawawezi kukubaliana juu ya askari mmoja, sasa wako serikali moja, wanakaa pamoja wanakunywa chai pamoja, Kimaiyo ni mtoto wa Bonde la Ufa, aliyekuwa kamanda wa AP, Kinuthia Mbugua, ndiye gavana wetu Nakuru. Na mageuzi ya polisi? Yalipotea kwa midomo kama mtu amezima redio. Walewale waliokuwa wanapiga meza wakisema AP wavunjwe sasa wanasema hakuna haraka, na wale waliokuwa wanawatetea AP wanasema vizuri wote wako chini ya mtu mmoja siku hizi. Aliyebaki akilalamika ni Mjaluo mmoja fundi wa viatu ambaye tulikuwa tumemwongeza kwa kamati ili tuonekane tumejumuisha kila mtu. Alikuwa ananukuu Waki, ripoti ileile, ukurasa uleule Wakalenjin walikuwa wananukuu 2009, na wao wanamwangalia kama amekuja na uchawi.

Huko Nairobi hata wao kwa wao hawakuelewana. Kimaiyo na Johnston Kavuludi, mwenyekiti wa ile tume ya kuajiri polisi, wakagombana hadharani ni nani anahamisha maafisa na kuwapandisha vyeo. Kelele za kikatiba zilikuwa nyingi, lakini mtu aliyekaa karibu na stesheni anajua transfa ni nini, transfa ndiyo inaamua nani atasalimiwa na nani asubuhi. Desemba 2013 wakaanza kuwapiga msasa maafisa wakubwa, ikaonyeshwa kwa TV, wanaulizwa kuhusu pesa za M-Pesa ambazo zimeingia kwa simu zao kutoka kwa askari wadogo. Dukani nilikuwa na TV ndogo, watu walijaa mpaka mlangoni. Na walichokuwa wanafanya watu, walikuwa wanahesabu. Amefutwa nani, ni wa wapi, hao sasa ni wangapi, na wale wengine wamefutwa wangapi. Afisa anaulizwa amepata wapi mamilioni na mtu nyuma yangu anauliza jina lake la tatu ni nani.

Alafu 2014 ikafika kwetu nyumbani kabisa.

Julai 14 ilikuwa siku ya kusajili makurutu nchi nzima, nafasi 10,000. Mtoto wa kaka yangu mkubwa, ananiita baba mdogo, alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, mbio anajua, meno yote. Kaka akanipigia simu wiki mbili mapema akaniuliza, wewe uko kwa hizo kamati, unamjua mtu? Nikasema kaka hii ya safari hii iko na IPOA, wataangalia, wacha kijana akimbie. Kaka akanyamaza kidogo akasema sawa. Kumbe hakuwa ameniuliza juu ya kunisikiza, alikuwa ananipa nafasi ya kuwa mkubwa wa familia na nikaikataa, akaenda kuuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba karibu na mto, laki mbili na nusu, akapatia mtu ambaye anamjua mtu. Uwanja gani na nani alipokea sitasema.

Nilienda kumwangalia. Vijana kama mia saba hivi, kaptura na miguu mitupu, vumbi, walikimbizwa wakarudi, walipimwa urefu kwa mti uliochorwa chaki, walifunguliwa midomo kama ng'ombe wa mnada. Kuna kijana mmoja alishinda zile mbio kwa umbali mpaka watu wakapiga vigelegele, hana viatu, damu kwa kidole, na hakuchukuliwa. Wa kwetu alikuwa kama wa thelathini. Alichukuliwa. Jioni akaja dukani na barua ya kuitwa Kiganjo, nikaifotokopi nakala nne na mikono yangu, nikailaminisha moja bila malipo, nikamkumbatia nikalia machozi ya furaha. Na yule kijana mwingine alikuwa amesimama nje ya duka langu anangoja matatu. Niliona. Nikafunga dirisha ati vumbi inaingia.

Tarehe 31 Oktoba Jaji Lenaola akafuta zoezi lote. IPOA ndiyo ilienda mahakamani, ikasema kulikuwa na hongo na kasoro kila mahali, na mahakama ikakubali. Nilikuwa nimekaa miaka mitano nikiomba hiyo IPOA ipewe nguvu, nimeandika barua na mkono wangu, nimezichapa, nimepiga mhuri. Siku iliposhinda nilizima TV. Kaka alinipigia saa mbili usiku, hakusalimia, akasema, "Hao watu wako wa mageuzi wamekula shamba langu." Ningemwambia nini? Kwamba aliyekula shamba ni yule aliyepokea laki mbili na nusu? Alijua. Lakini yule wa hongo alikuwa na uso na namba ya simu, ungeweza hata kurudi umwombe, mageuzi hayana pa kurudi kuomba.

Aprili 2, 2015, Garissa. Watu 148, wengi wanafunzi, wameuawa chuoni. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru akasema nchi ina upungufu wa polisi na wale 10,000 waripoti mafunzoni, kesi ama hakuna kesi. Nawaambia hapo ndipo nilijijua. Nilikuwa nalia kwa ajili ya wale watoto na wakati huo huo kuna kitu kidogo ndani yangu kinasema sasa wa kwetu ataenda Kiganjo. Kijana alishaanza hata kunyoa. Kaka akanipigia, mara hii akasalimia. Amri haikufika popote, mawakili wakasema rais hawezi kuruka mahakama, likatangazwa zoezi jipya mwaka huo huo. Kijana akarudi uwanjani bila pesa, maana shamba lilikuwa limeisha, akakimbia vizuri kuliko mara ya kwanza, akaambiwa nyayo zake ni bapa. Nyayo zilezile. Sai ni soja wa geti Nairobi, kwa fleti, na analipwa kwa wakati, hana neno.

Niliacha ukatibu mwezi wa sita. Sikusema sababu, nilisema kazi imekuwa mingi.

2018 hatimaye wakafanya kile ambacho ukumbi wetu ulipigania mpaka ukachoka, zaidi ya maafisa 24,000 wa AP wakahamishiwa Polisi wa Kenya, wakavalishwa ile sare mpya ya bluu. Hakuna mtu aliyepiga meza. Kwetu kambi ya juu ikapakwa rangi. Siku moja nikampigia simu afisa juu ya wezi wa nyaya, akauliza niko upande gani wa mto. Ni kweli aliuliza kwa kutaka kujua njia ya gari, nina hakika, lakini nilikawia kujibu.

Juni 2024 binti yangu alikuwa Nakuru mjini kwa yale maandamano, wao wana ule msemo wao hawana kabila hawana chama, na mimi nikikaa na simu mkononi siku nzima nikimngoja nilikuwa namwamini kabisa kuhusu kabila na siamini hata kidogo kuhusu risasi. Alirudi jioni macho mekundu kwa moshi wa vitoa machozi, viatu havipo. Alinikuta natafuta kwa simu namba ya mtu wa kumpigia. Akaniuliza ni nani huyo OCS Wetu. Nikamwambia alistaafu kitambo.

Alafu 2025 zikatangazwa tena nafasi 10,000, na tena kukawa na kesi, watu wakaenda mahakamani kuuliza ni nani mwenye haki ya kuajiri, tume ama Inspekta Jenerali, maneno yaleyale ya Kavuludi na Kimaiyo na majina mengine. Kaka ana mtoto wa mwisho, msichana, mrefu kama ndugu yake. Akanipigia Jumapili baada ya kanisa. Tukaongea mvua, tukaongea mahindi, tukaongea goti la mama. Alafu akanyamaza ule unyamavu wake, na mimi nikajua kinachokuja.

"Wewe bado unawajua watu?"

Nikasema kaka, siku hizi mimi ni wa fotokopi tu. Akasema sawa, akakata. Jumanne msichana alikuja dukani na vyeti vyake kwa bahasha ya kaki, nikamfotokopia vyote nakala tano tano, na alipotaka kulipa nikapokea pesa.